Nguo Zilizobaki Mpakani

Kambi ya Fort Knox, jimboni Kentucky, inajulikana duniani kwa dhahabu ya serikali ya Marekani inayohifadhiwa kando yake. Wanajeshi wa vifaru wana sababu nyingine ya kuikumbuka. Katika miaka ya 1980 yaliletwa hapo masanduku makubwa, kila moja likiwa na nafasi za watu wanne wa kifaru cha M1: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji na dereva. Waliingia humo, wakafunga, wakachungulia kupitia vidirisha vyao na kuona vilima na miti iliyochorwa na kompyuta. Michoro yenyewe ilikuwa duni. Lakini kifaru kilichokatiza mbele yao hakikuendeshwa na mashine. Ndani yake mlikuwa na watu wanne wengine, wameketi katika sanduku jingine, pengine katika kambi ya mbali, nao wakiwatafuta hao wa kwanza ili wawapige.

Mradi huo uliitwa SIMNET. Ulianza mwaka 1983 chini ya DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, na aliyeusukuma zaidi ni Jack Thorpe, ofisa wa jeshi la anga. Kabla ya hapo mashine za mazoezi zilikuwa ghali mno, na kila moja ilisimama peke yake: rubani aliingia, akajifunza kuruka na kutua, akatoka. Thorpe alitaka watu wajifunze kupigana pamoja, kikosi kwa kikosi, na hilo lisingewezekana bila mashine kuzungumza. Kazi ya mtandao ilikwenda kwa BBN ya Massachusetts, kampuni ileile iliyotengeneza vifaa vya kwanza vya ARPANET mwaka 1969.

Dunia pepe zenye watu wengi zilikuwepo tayari. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wakiwa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, walitengeneza MUD, dunia ya maandishi matupu ambamo mtu alitembea kwa kuandika amri. Mwaka 1986 Lucasfilm ilianza kujaribu Habitat, ambayo wakazi wake walionekana kwenye kioo wakiwa na vichwa na mavazi ya kuchagua. Kila moja kati ya hizo ilikuwa mfumo mmoja uliojitegemea. Ni kwa wale wenye vifaru ndiko naona swali letu lilikoanza kupata jibu la kufaa: mashine zilizotengenezwa na watu tofauti zitakubaliana vipi kwamba ziko katika dunia moja?

Kizuizi cha kwanza kilikuwa wembamba wa njia. Kila kifaru kingetangaza mahali kilipo kila picha inapochorwa upya, vifaru mia vingeuziba mtandao mzima. Wahandisi wakachukua hesabu ya nahodha asiyeiona nchi kavu: akijua alipokuwa, mwendo wake, anakoelekea na muda uliopita, anakadiria alipo. Kila mashine ilijua mahali pa mwisho pa kila kifaru pamoja na kasi na mwelekeo wake, ikawa inakisogeza kwenye kioo bila kuuliza. Kifaru chenyewe nacho kilipiga hesabu hiyohiyo juu yake, kikilinganisha mahali ambapo wenzake wanadhani kipo na mahali kilipo kweli. Dereva akienda moja kwa moja, hapakuwa na ujumbe wa kutuma. Akikata kona, tofauti ilikua, na ilipopita kiasi kilichokubaliwa ujumbe mmoja ulitoka na wote wakajirekebisha. Hata kifaru kilichosimama kilitakiwa kujitangaza kila baada ya sekunde chache, wenzake wajue kwamba bado kipo.

Kanuni ya pili ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha yote yaliyofuata. Mpiga mzinga alipofyatua, mashine yake haikutangaza kwamba imeua. Ilisema tu kwamba kombora la aina fulani limetoka na limetua mahali fulani. Aliyepigwa ndiye aliyepima unene wa chuma chake, pembe ya kombora na umbali, kisha akawaeleza wengine hali yake: mzima, mnyororo umekatika, au nimekufa. Kila kifaru kilikuwa hakimu wa kifo chake. Kiuhandisi ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu anayekijua kifaru kuliko wote ni mwenye kifaru, na chombo cha aina mpya kiliweza kuongezwa bila kuvigusa vilivyotangulia. Ila kanuni hiyo inadai jambo zito: kwamba hakuna atakayekataa kufa. Jeshini dai hilo halikuleta shida. Masanduku yote yalikuwa na mwenyewe mmoja, na waliokuwa ndani walikuwa chini ya amri moja.

Mwaka 1989 wahandisi wa kampuni, vyuo na jeshi walianza mfululizo wa mikutano huko Orlando, Florida, ili ujuzi wa SIMNET ugeuzwe kuwa kiwango ambacho mtengenezaji yeyote angeweza kukifuata. Kilipitishwa na IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, mwaka 1993 kwa namba 1278, na kikajulikana kwa kifupi kama DIS. Ndani yake kila tukio lina ujumbe wake wenye nafasi zilizopangwa: ujumbe wa hali ya chombo, wa kufyatua, wa kulipuka. Baadaye wizara ikataka mfumo mpana zaidi, ulioitwa HLA, na hapo nguvu ya mwenye mali ikaonekana waziwazi. Kwa waraka wa mwaka 1996 iliamuliwa kwamba kuanzia mwaka wa fedha 1999 mradi usiofuata HLA usipewe fedha, na kuanzia 2001 usiruhusiwe kushiriki kabisa. IEEE ilikipitisha kiwango hicho mwaka 2000 kwa namba 1516. DIS haikufa, mpaka leo inatumika. Lakini hakuna kundi la raia lililowahi kuwa na fimbo ya namna ile.

Raia walianza kwa njia ya ukarimu. Mwezi Mei 1994, kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti. Mark Pesce alifika na Labyrinth, programu aliyoitengeneza na Tony Parisi, iliyowezesha kupitia kurasa za wavuti kama mtu anayetembea katika vyumba. Neal Stephenson alikuwa ametoa riwaya yake Snow Crash miaka miwili nyuma, na neno metavesi, yaani dunia pepe ya pamoja, lililotoka humo lilikuwa limeshawaingia vijana wengi wa kompyuta. Dave Raggett, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa lugha ya kurasa za wavuti, ndiye aliyebuni jina la lugha ya dunia hizo: VRML. Badala ya kuandika kila kitu upya, walikubaliana kuazima muundo wa faili wa Silicon Graphics ulioitwa Open Inventor, na kampuni hiyo ikaridhia utumike bure. Kufikia mwaka 1995 toleo la kwanza lilikuwa tayari.

Faili la VRML lilikuwa maandishi ya kawaida. Uliweza kulifungua kwa programu rahisi kabisa ya kuandikia na ukasoma: hapa pana tufe lenye nusu kipenyo hiki, rangi yake hii, hapa pana mlango, na mlango huu unakwenda kwenye anwani ile. Ukiubofya, kivinjari kilikwenda kuchukua dunia nyingine kwenye kompyuta nyingine, labda ya bara jingine, iliyowekwa hapo na mtu usiyemjua. Hakukuwa na kampuni ya kuombwa ruhusa. Ninapoyasoma mambo ya kipindi kile huona kwamba walikuwa wamelishika jambo lenyewe hasa, dunia nyingi zilizounganishwa kwa milango. Kilichokosekana ni watu. Mgeni hakuwa na mwili, hakumwona mgeni mwenzake, na hakuna kilichosogea.

Toleo la pili lilitafutwa mwanzoni mwa 1996 kwa njia ya ushindani. Mapendekezo sita yaliwekwa mezani, kutoka kwa makampuni kama Microsoft, Apple, Sun na IBM ya Japani, pamoja na kituo cha utafiti cha Ujerumani, GMD. Lililoshinda ni Moving Worlds la Silicon Graphics na wenzake. Agosti mwaka huohuo lilitolewa, na mwaka 1997 likawa kiwango cha kimataifa cha ISO, namba 14772. Sasa vitu viliweza kusogea na kuitikia mguso. Lakini jinsi watu wawili wanavyokutana na kuonana haikuandikwa humo. Kundi lililojiita Living Worlds lilijaribu kuziba pengo hilo, likasambaratika kabla kazi haijakamilika. Mtumiaji naye alikuwa na modemu ya simu iliyovuta faili la dunia moja kwa dakika kadhaa, na kompyuta ya nyumbani isiyo na kadi ya kuchora. Mwaka 1998 Silicon Graphics ikauza kitengo chake cha kazi hizo. VRML ilirithiwa na X3D, iliyofika ISO mwaka 2004 na inaendelea kutumiwa na wataalamu, lakini umma ulikuwa umekwenda kwingine.

Ulikokwenda ni kwenye dunia zenye wenyewe. Second Life ilifunguliwa Juni 2003 na Linden Lab ya San Francisco, kampuni ya Philip Rosedale, na Novemba mwaka ule ikatoa uamuzi ulioitofautisha na wenzake wengi: mkazi anabaki na hakimiliki ya alichokibuni. Matokeo yake ni kwamba watu walianza kufanya biashara kweli. Walishona magauni, wakatengeneza nywele, viatu, samani na nyumba, wakauza kwa dola za Linden ambazo zilibadilishwa kuwa dola za Marekani. Kwa mara nyingine kulikuwa na mali, ila safari hii mali haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya maelfu ya mafundi, wengi wao wakiitegemea kwa kipato.

Novemba 2006 mafundi hao walipata mshtuko. Ilianza kusambaa programu iitwayo CopyBot, iliyoweza kusoma kila kilichoonekana kwenye kioo na kukitengeneza tena bila kumlipa aliyekibuni. Wenye maduka wengi walifunga milango kwa kupinga. Linden Lab ilitangaza kwamba atakayeitumia kunakili kazi ya wenzake amevunja masharti, lakini haikuweza kusema kwamba jambo lenyewe haliwezekani, maana linawezekana. Ili uione nguo, kompyuta yako lazima ipokee umbo lake na picha iliyofunika umbo hilo. Kuonyesha, katika dunia hizi, ni kukabidhi. Hakuna itifaki iliyowahi kuliondoa jambo hilo.

Na bado, miezi miwili tu baadaye, Januari 2007, kampuni ileile ilitoa hadharani msimbo wa programu ambayo wakazi waliitumia kuingia. Mwezi huohuo Darren Guard akaanzisha OpenSimulator, mradi huria wa kuandika seva itakayoelewana na programu hiyo, ili mtu yeyote aendeshe dunia yake mwenyewe. Septemba ile Linden Lab iliunda kundi la kazi la kuchora ramani ya mfumo ulio wazi, na Oktoba, mjini San Jose, IBM na Linden Lab zikatangaza kwamba zitashirikiana ili avata mmoja, yaani mwili wa kuchorwa wa mtumiaji, aweze kuishi katika dunia nyingi.

Ramani waliyoichora inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hadi leo sijaona iliyo safi zaidi. Waligawa dunia sehemu mbili. Sehemu moja inamshughulikia mtu: yeye ni nani, ameingia kwa nywila gani, anamiliki nini. Nyingine inashughulikia ardhi: hapa kuna nini, nani yupo, mvutano wa vitu ukoje. Kabla ya hapo kampuni moja ilishika zote mbili. Katika mpango mpya mtu angeweza kuwa na utambulisho wake kwa mtunzaji mmoja na kutembelea ardhi ya mwingine. Akitaka kuruka, mtunzaji wake angeiomba seva ya ardhi impokee, na seva ingejibu kwa anwani ndefu ya siri, isiyokisika, ambayo kazi yake ni moja tu. Mwenye anwani hiyo anaweza kumweka avata pale, na si zaidi. Anwani nyingine ingempa uwezo wa kusogea, nyingine wa kuzungumza. Nywila haikuvuka mpaka kamwe.

Tarehe 8 Julai 2008 tangazo likatoka. Watafiti wa kampuni hizo mbili walikuwa wamewarusha avata kutoka gridi (kundi la seva) ya majaribio ya Second Life hadi dunia iliyoendeshwa na OpenSimulator. Siku hiyohiyo Google ilizindua dunia yake iitwayo Lively, iliyopata kelele kubwa zaidi na kufungwa kabla mwaka haujaisha.

Avata walivuka, lakini mali yao ilibaki upande waliotoka. Nguo, nywele, umbo lenyewe ambalo mtu amelichonga kwa wiki nyingi, hakuna kilichosafirishwa. Walitokea upande wa pili katika sura ya msingi ambayo wakazi wa Second Life waliizoea kwa jina la Ruth, mwanamke yuleyule mmoja anayeonekana pale seva inapokuwa haijajua wewe ukoje. Kiufundi haikuwa kasoro, jaribio lilikuwa la kuvusha mtu tu, na lilifaulu. Lakini swali lililosalia lilikuwa palepale machoni pa kila aliyetazama. Gauni lile limebuniwa na fundi aliyeliuza kwa masharti kwamba lisinakiliwe. Likivuka, seva ya mgeni italipokea lote, na mwenye seva hiyo hajatia saini masharti yoyote na huyo fundi. Ni ile kanuni ya Fort Knox imerudi kwa sura nyingine: mfumo unamtegemea kila mshiriki akubali hasara inapomwangukia, na hapa hakuna kamanda.

Machi 2009 kazi ikapelekwa IETF, chombo kinachosimamia itifaki za intaneti, katika mkutano wake mjini San Francisco. Walifika watu wa Second Life, watu wa michezo, na watu wa mazoezi ya kijeshi, kila upande na maana yake ya dunia pepe. Kukubaliana juu ya kiwango kimoja kwa wote hakukuwezekana. Julai, mjini Stockholm, walirudi na lengo dogo zaidi, dunia zinazofanana na Second Life peke yake, na baadaye kundi rasmi likaundwa kwa jina la VWRAP. Halikufika mbali. Juni 2010 Linden Lab ilipunguza asilimia 30 ya wafanyakazi wake, na wahandisi waliobaki walirudishwa kwenye biashara ya nyumbani. Kundi likafungwa bila kuchapisha kiwango hata kimoja.

Wakati makampuni yakijadiliana, profesa mmoja alikwishachukua njia ya mkato. Crista Lopes wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliongeza kwenye OpenSimulator kitu alichokiita Hypergrid. Mwenye dunia yoyote ya OpenSimulator aliweza kufungua mlango kwenda dunia ya mwingine bila kupitia ofisi yoyote, na mgeni alifika amevaa, kwa sababu seva ya ugenini iliuliza seva ya nyumbani kwake: huyu ana nini? Nguo zilivuka. Hatari zilivuka nazo, na Lopes hakuzificha. Mwenye dunia mbaya angeweza kunakili, hata kujaribu kufikia kabati la mgeni. Matoleo yaliyofuata yakaweka ukuta kati ya mgeni na mali yake, na baadaye ikaongezwa ruhusa maalumu ambayo fundi huamua iwapo kitu chake kinaweza kutoka nje ya gridi au la. Naliona hilo kuwa jibu la uaminifu kuliko yote yaliyotolewa: fundi anaulizwa mwenyewe.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Kazi ya viwango iliacha watu na mali ikageukia maumbo. Sony ilikuwa imeanza na COLLADA mwaka 2004, muundo wa kubeba maumbo kati ya programu za kuchorea. Khronos, muungano wa makampuni ya michoro, ikatoa glTF mwaka 2015, ikaiboresha 2017, na mwaka 2022 ikapokelewa na ISO kwa namba 12113. Pixar ilitoa hadharani muundo wake wa USD mwaka 2016. Hii ni kazi nzuri sana. Umbo lililochongwa kwa programu moja linafunguka kwa nyingine, kwenye kivinjari na kwenye simu, likiwa na rangi na mng'ao wake. Imefaulu kwa sababu inauliza swali dogo, kitu hiki kikoje, na haigusi swali la nani ana haki nacho.

Facebook ilipojibadilisha jina kuwa Meta tarehe 28 Oktoba 2021, neno metavesi lilirudi vinywani, na Juni 2022 likazaliwa Metaverse Standards Forum. Meta, Microsoft, NVIDIA, Epic Games, Adobe na wengineo walikuwemo tangu siku ya kwanza. Apple na Roblox hazikuwemo. Wanachama walipita elfu moja katika miezi michache. Jukwaa hilo lilisema mapema kwamba lenyewe haliandiki viwango, linawakutanisha wanaoandika. Machi 2023 mwanachama mmoja, Microsoft, alifunga AltspaceVR, na waliojenga kumbi zao humo wakapoteza mahali pa kuzisimamisha.

Ninavyoona, makosa yamekuwa ni kudhani kwamba kilichokwama ni uhandisi. Uhandisi wa kuvuka ulionyeshwa mwaka 2008 na Hypergrid inaufanya kila siku. Kilichokwama ni mkataba: nani atamlipa fundi gauni lake likinakiliwa ugenini, nani atasikiliza shauri, na kwa sheria ya nchi gani. Jeshi halikuhitaji mkataba huo kwa sababu lilikuwa na mwenye mali mmoja. Makampuni yanauhitaji, na yanauogopa, kwa sababu mkazi anayeweza kuondoka na mali yake ni mkazi anayeweza kuondoka. Hati ya glTF inasomwa bure na msanidi wa Dar es Salaam sawa na wa San Francisco, na OpenSimulator inawekwa bure kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa wenye masoko makubwa hali haijabadilika: shati lililonunuliwa ndani ya Roblox haliwezi kuvaliwa ndani ya mchezo mwingine kama Fortnite.